Pistoni za Watu Wapole

"Binti, wewe ndiye umesoma. Hebu niambie: kwa nini yule Njoroge asiyesalimia mtu hajawahi kuunguza injini, na huyu mtoto wangu, anayepangusa hiyo mashine kama sahani ya wageni, ameunguza mara tatu?"

Aliyeuliza ni Mzee Simiyu, mkulima wa miwa kutoka Kabuchai. Alikuwa amesimama kwenye shamba lililovunwa mahindi huko Myanga, ambalo siku ile lilikuwa uwanja wa mashindano, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua ng'ombe. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mabua, nimeshika plagi ya injini iliyojaa vichembe vya rangi ya fedha. Vile vichembe ni pistoni iliyoyeyuka. Ukiviona kwenye plagi hakuna haja ya kufungua kitu kingine.

Nilimwambia tutaangalia. Hilo ni neno la fundi asiyejua, na mzee alilielewa hivyo.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki karakana. Najua mnacheka mkisikia nimestaafu, maana sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini mkono wangu wa kulia umekufa ganzi kwa miaka ya kushika usukani unaotetemeka, na daktari akaniambia nichague kati ya vidole na pikipiki za magurudumu manne. Nilimuuliza ana uhakika gani. Akanionyesha. Sikupenda, lakini alikuwa na ushahidi, na mtu akiwa na ushahidi mimi hunyamaza. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa ngapi mtazipata kwa wanaozipenda.

Nilifika kwa Fundi Masinde, hapo Kitale, nikiwa nimemaliza shahada ya uhandisi wa mitambo, na wazazi wangu wakiamini kwamba nangojea kazi ya ofisi. Masinde alikuwa mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye mikono mipana. Karakana yake ilikuwa na sifa moja: ukimletea kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, yenye injini ya mipigo miwili, zile za michezo zinazolia kama msumeno, ataifanya ikimbie kuliko ilivyotoka kiwandani.

"Umesoma mpaka wapi?" aliniuliza.

"Nimemaliza. Uhandisi wa mitambo."

"Haya, Injinia. Shika hii fagio."

Niliuliza kwa nini tunafagia kabla ya kufungua injini na si baada ya kuifunga.

"Ati kwa nini? Kwa sababu nimesema."

"Hiyo si sababu."

Akaweka spana chini. Mafundi wengine wawili wakaacha kazi, wakidhani nitafukuzwa kabla ya chai.

"Mchanga kidogo ukiingia kwa silinda unakula ringi za pistoni. Sasa hiyo ni sababu?"

"Hiyo ni sababu."

"Basi fagia, bana."

Tulielewana tangu siku hiyo. Masinde hakuwa mtu wa kuficha kazi. Alinionyesha kupima nafasi kati ya pistoni na kichwa cha silinda kwa waya wa lehemu: unaupenyeza kwenye tundu la plagi, unazungusha injini kwa mkono, pistoni inaponda waya, kisha unapima unene uliobaki kwa kalipa. Nafasi ikiwa kubwa, injini ni mvivu. Ikiwa ndogo mno, pistoni itabusu kichwa, na hilo busu ni la mara moja tu. Alinifundisha kupanua matundu ya silinda kwa tupa ya mviringo, kidogo, kisha unaacha, unakunywa maji, unarudi. Ukishakata chuma huwezi kukirudisha. Ekzosi tulizikunja wenyewe kwa bati, vipande vyenye umbo la koni vilivyounganishwa kwa kulehemu, kwa sababu kwenye injini ya mipigo miwili ekzosi si bomba la kutolea moshi tu. Inarudisha mawimbi yanayozuia petroli isikimbie kabla haijaungua. Ukibadilisha urefu wake kidogo, umebadilisha tabia ya mashine nzima.

Mimi nilileta hesabu. Masinde alikunja ekzosi kwa kukumbuka ile iliyofanya vizuri mara ya mwisho. Nilikaa na karatasi nikakokotoa urefu kutokana na kasi ya mawimbi, tukatengeneza yangu na yake, tukazifunga kwa zamu kwenye kwadi moja. Yangu ilishinda kwenye mwendo wa juu, yake ikashinda ikitoka kwenye kona. Tulibishana wiki nzima, kisha tukatengeneza ya tatu kwa kuchukua mbele ya moja na nyuma ya nyingine. Hiyo ndiyo mnayoitumia mpaka leo, kwa hiyo acheni kuniambia eti ni ya Masinde.

Sasa nieleze habari ya petroli, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea kwa mtoto wa Simiyu.

Injini ya mipigo miwili haina mahali pa kuwekea oili yake. Oili huchanganywa na petroli kwenye mtungi, kwa kipimo, na yote huingia pamoja. Kwenye karakana yetu kazi hiyo ilikuwa ya Mama Naliaka. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameuza maziwa sokoni Myanga kwa miaka mingi, na Masinde alimchukua kwa sababu hakuna aliyewahi kumlalamikia kipimo chake. Siku za mashindano alipanda nasi kwenye pikapu na mitungi yake, akaketi chini ya mwavuli kando ya uwanja, na wateja wetu wote wakapanga foleni kwake. Aliwajua kwa majina, aliwajua mama zao, na kwa wengi alijua pia babu alitoka wapi.

Wekesa, mwana wa Mzee Simiyu, alikuwa kipenzi chake. Ndugu zake wote walikwenda mjini. Yeye alikubali kubaki kulima miwa na baba yake, na kwadi ile ndiyo iliyokuwa makubaliano. Alikuwa kijana wa kuinama anaposalimia. Kwenye mashindano hakumzibia mtu njia kwa makusudi, na bado alikuwa mwepesi kuliko wote tuliowahudumia, ukimwondoa Njoroge. Njoroge alikuwa na duka la mbegu hapo Kitale na mdomo wa kumfanya mtu atamani kuhama.

"Huyo ni wa kwenu," Masinde alikuwa akiniambia, maana mimi na Njoroge ni kabila moja.

"Wa kwetu ni wengi. Huyo mchukue wewe."

Injini ya Wekesa iliungua mara ya kwanza kwenye uwanja wa karibu na mji wa Bungoma, mzunguko wa mwisho, akiwa wa pili. Kila mtu alikuwa na jibu lile lile: hewa. Kitale iko juu, hewa yake ni nyepesi; ukishuka Bungoma hewa ni nzito, injini inavuta hewa nyingi zaidi, na petroli isipoongezwa joto linapanda. Ndiyo maana tunabadilisha jeti, ile skurubu ya shaba yenye tundu ndani ya kabureta, tunaweka yenye tundu kubwa kidogo. Jibu lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba tulikuwa tumeshabadilisha jeti za wateja wote asubuhi ile, na wengine walirudi nyumbani salama.

Mara ya pili injini ilishika ghafla, pistoni ikakwama ndani ya silinda, kwenye mteremko wa Myanga. Magurudumu ya nyuma yakagoma, Wekesa akapita juu ya usukani na kuvunjika mfupa wa bega. Akiwa amekaa chini anaushikilia mkono, bado alimwomba msamaha Masinde kwa kumharibia kazi.

Tulisoma plagi. Injini ikiwa sawa, plagi hutoka na rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi. Ya Wekesa ilikuwa nyeusi, tena yenye unyevu. Nyeusi maana yake petroli imezidi, hivyo ndivyo kila fundi wa Bungoma na Kitale atakavyokwambia, kwa hiyo tukamwekea jeti ndogo zaidi. Hapo ndipo tulipozidi kumchimbia shimo. Injini ikaungua mara ya tatu kule kule Myanga, na Mzee Simiyu akaja kusimama mbele yangu na swali lake.

Aliposikia hilo neno langu la "tutaangalia", alimgeukia mwanawe. Hakupaza sauti.

"Wekesa, mimi si mtu wa kurudia maneno. Nitairekebisha mara hii moja. Ikiungua tena, inauzwa, na wewe utafute kitu kingine cha kukuweka nyumbani."

"Ndiyo, baba."

Ndiyo, baba, basi. Hakutetea mashine, hakumlaumu mtu. Nilikasirika kwa niaba yake.

Wiki iliyofuata nilipima kila kitu. Nilifunga matundu yote ya injini na kuisukumia upepo kwa pampu ya baiskeli, nikitafuta mahali inapovuja hewa. Haikuvuja. Nilipima nafasi ya kichwa kwa lehemu: sawa na ya Njoroge. Muda wa cheche, sawa. Nilimpigia Wekesa simu kumuuliza kama inamsumbua shambani siku za kawaida. Akasema hapana, inapanda vilima vya Kabuchai siku nzima bila kukohoa. Nilidhani ni kwa sababu shambani haendi mbio.

Nikajaribu njia nyingine. Niliacha injini nikawafikiria watu. Nani alikuwa ameunguza pistoni msimu ule? Wekesa, mara tatu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye hakuja karakana bila kutuletea miwa. Mtoto wa katekista. Na nani hajaunguza? Njoroge. Na jamaa mmoja wa matrekta aliyekuwa akiniita "wewe msichana" mpaka siku aliyohama. Nilipanga na kupangua, ikawa inatoka vile vile: wenye adabu wanaungua, wakorofi wanapona.

Chuo kikuu sikuwahi kuona mlinganyo wenye adabu ndani yake. Nilimwambia Masinde, akacheka mpaka akaketi.

"Sasa Injinia unataka tuwafundishe wateja matusi?"

"Nataka kujua kitu gani mtu mpole anapewa ambacho mkorofi hapewi."

Aliacha kucheka.

Tangi la kwadi ya Wekesa lilikuwa bado na mafuta ya siku ile ya Myanga. Niliyamimina kwenye chupa safi ya maji. Njoroge naye alikuwa ametuachia mashine yake tukaze mnyororo, nikamimina ya kwake kwenye chupa nyingine. Oili tuliyoitumia ilikuwa nyekundu. Niliziweka chupa mbili dirishani. Ya Njoroge ilikuwa waridi hafifu, kama maji uliyosuuzia kitambaa. Ya Wekesa ilikuwa nyekundu kama juisi ya tikitimaji. Aliyewachanganyia alikuwa mmoja, na siku ilikuwa moja.

Siku iliyofuata nilikaa karibu na Mama Naliaka nikijifanya nasafisha kabureta. Mwalimu wa miwa akaja kuchukua mafuta yake. Mama Naliaka akapima petroli, akapima oili kwenye kikombe mpaka kwenye mstari, akamimina bila kumwaga hata tone. Kisha akainua kopo la oili tena, akaliinamisha juu ya mtungi mara moja, mara mbili.

"Na hii ni yako, mwalimu. Usalimie watoto."

Nyongeza! Kila aliyewahi kununua maziwa, maharagwe au dagaa sokoni anajua: kipimo ni cha biashara, na baada ya kipimo mwenye kuuza hukuongezea kidogo kwa mkono wake, kwa sababu anakupenda au anataka urudi. Mteja asiyesalimia anapata kipimo chake sawasawa na kwaheri. Mama Naliaka alikuwa ameacha maziwa, lakini mkono ulikuwa ule ule.

Na nyongeza ya oili, tofauti na ya maziwa, inapunguza. Jeti hupitisha kiasi kile kile cha majimaji, kwa hiyo oili ikizidi, petroli inapungua. Petroli ndiyo inayopooza injini inapoingia. Kwenye pikipiki ya kawaida usingejua, lakini sisi tulikuwa tumeziweka injini zile ukingoni kabisa ili zikimbie. Plagi ilikuwa nyeusi kwa oili wala si kwa petroli. Tuliona weusi, tukapunguza jeti, tukamnyima mtoto wa watu petroli mara mbili.

Mwalimu alipoondoka, nilimrudisha njiani kwa kisingizio nikambadilishia mafuta. Kisha nikamwendea Mama Naliaka.

"Mama, ile uliyomwongezea mwalimu, huwa unawaongezea wangapi?"

"Wale wazuri."

"Njoroge je?"

"Njoroge!" Alipangusa kikombe. "Huyo hajui hata kusema 'habari ya asubuhi'. Nimpimie kama kila mtu, aende."

"Na Wekesa?"

"Wekesa ni mtoto wangu. Huyo namwongezea mpaka roho yangu itulie. Si umeona vile anaendesha? Mashine inafanya kazi ngumu, lazima ishibe."

Nilimweleza. Nilijaribu kutumia maneno ya kawaida: petroli inapooza, oili inachukua nafasi ya petroli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitazama chupa mbili nilizozileta.

"Kwani oili ni sumu?"

"Si sumu. Ikiwa kwa kipimo."

"Na mimi nimewahi kukupa kitu kibaya?"

"Hujawahi kunipa chochote, Mama. Hata nyongeza."

"Wewe unauliza maswali mengi." Nilipoona mikono yake imetulia juu ya kitambaa nilijua amefika mahali nilipoogopa afike. "Kwa hivyo lile bega. Ni mimi?"

Ningeweza kusema hapana. Watu wengi wangesema hapana.

"Ni oili na ni jeti, Mama. Oili ni yako, jeti ni yangu na Masinde. Sisi tuliona nyeusi tukakosea kusoma."

Alifunga mitungi yake, akavua aproni, akaenda nyumbani mapema. Masinde aliniambia nimemmaliza mama wa watu. Nilimwambia kwamba tungenyamaza, tungemmaliza Wekesa.

Asubuhi yake Mama Naliaka alikuwa wa kwanza karakana. Alikuwa amesugua kikombe cha kupimia mpaka mstari wake unang'aa. "Nionyeshe tena," akasema, "lakini leo usiongee haraka hivyo." Nilimwonyesha. Aliuliza maswali mazuri, mengine bora kuliko ya wateja wetu wote.

Mashindano yaliyofuata yalikuwa Myanga tena. Tuliirudishia kwadi ya Wekesa jeti yake kubwa. Mzee Simiyu alikuja na mtu niliyemtambua kwa macho, mfanyabiashara wa magari yaliyotumika. Alimweka kando ya uwanja, akamletea kiti. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mgeni yule alikuja kutazama nini.

Wekesa alifika kwenye mwavuli, akainama. "Habari ya asubuhi, Mama."

"Njema, mwanangu. Bega?"

"Limepona."

Mama Naliaka alipima. Oili ikafika kwenye mstari. Akaimimina, akatikisa mtungi, akajaza tangi. Kopo la oili alikuwa ameliweka nyuma ya kiti, mbali na mkono wake. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa konzi la njugu za kukaanga, akamwekea kiganjani, akaongeza nyingine, akaongeza tena.

"Hii hakuna tangi inaingia," akasema. Wekesa aliangalia njugu, akaniangalia mimi, akacheka kwa namna ambayo sikuielewa.

Nilisimama kwenye ule mteremko uliomvunja bega. Ukisikiliza injini ya mipigo miwili iliyo karibu kushika, mlio wake husafika, unakuwa mwembamba na mzuri, na wasiojua hupiga makofi. Mizunguko yote nilingojea mlio ule mzuri. Haukuja. Injini ilipita na sauti yake nzito, ya kukwaruza kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, na kila ilipopotelea nyuma ya miwa nilibana meno mpaka itokee tena. Njoroge alikuwa mbele. Wekesa alimkaribia kwenye kona ya mwisho, akamaliza wa pili, akaja mpaka mahali tulipo, akazima injini kwa ufunguo. Kwa ufunguo, haikujizima! Nilichomoa plagi ikiwa bado moto nikampelekea Mzee Simiyu. Rangi ya chai ya maziwa.

Aliigeuza, akairudisha. "Ulisema mtaangalia," akasema.

"Tumeangalia."

Alimwendea mgeni wake, wakaongea kidogo, wakapeana mikono, mgeni akaondoka bila kuitazama kwadi tena. Kisha mzee akamwita mwanawe wapakie mashine waende nyumbani, maana ng'ombe hawajui leo ni siku gani.

Nimefanya injini nyingi baada ya hiyo, nyingine ngumu zaidi, na nyinyi mmeziona. Ile niliiona kama imekwisha. Nilikuwa nimeuliza, nimepima, nimejibu.

Miaka mingi baadaye, Mama Naliaka akiwa amesharudi kwao kupumzika, Wekesa alileta kwadi ile ile tuibadilishie ringi. Alikuwa na watoto wawili sasa, na miwa yote ya baba yake mikononi mwake. Tuliketi kwenye gogo nje tukingoja chai. Nilimsimulia habari ya zile chupa dirishani, jinsi nilivyogundua, na sitaficha, niliisimulia vizuri.

Alisikiliza kwa adabu yake, kisha akasema, "Nilikuwa najua."

Alikuwa amesoma maandishi kwenye kopo la oili tangu mwezi wake wa kwanza kwetu. Siku za kazi, akifika na mtungi nyumbani Kabuchai, alimwaga sehemu ya mafuta yale na kujazia petroli tupu. Ndiyo maana shambani haikuungua hata siku moja. Siku za mashindano hakuweza, kwa sababu Mama Naliaka alimjazia tangi mwenyewe, mbele ya watu.

"Baba yako alikuwa anaiuza, Wekesa."

"Nilijua itauzwa," akasema. "Lakini mama amekuongezea, wewe utaziba tangi kwa mkono?"